Darasa la kujiandaa na usaili wa Afisa Ustawi wa Jamii, Morogoro: nililipa 40,000 na haya ndo niliyoyapata

Nimeona niandike hii kwa kirefu maana kila tangazo la Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II likitoka Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi serikalini, watu wananifata kuniuliza lile darasa la usaili la Kihonda, hapa Morogoro, linafaa au ni wale wale wa kuuza pdf. Jibu fupi linafaa, tena sana, ila lina mapungufu yake na nitayasema.

Kwanza mjue natokea wapi. Nina digrii ya ustawi wa jamii, na kwa miaka mitatu nilikuwa mhudumu wa mashauri ya watoto kwenye mradi wa shirika moja, yani kazi ile ile tunayoiita kesi manejimenti au usimamizi wa shauri, unapewa kaya zako unazitembelea, unajaza fomu, unaandika rufaa, unafuatilia mtoto anayetumia dawa za hospitali, unaenda shule kuuliza kwa nini haonekani. Mwaka 2025 hela za wafadhili zikakatwa mradi ukafungwa, tukaambiwa turudishe vishkwambi na baiskeli basi. Tangu hapo naomba serikalini. Kwa hiyo sikuwa mgeni wa kazi, nilikuwa mgeni wa usaili, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, nimejifunza kwa maumivu.

Mara ya kwanza nilinunua pdf ya "maswali na majibu" kwa mtu mmoja kwenye simu kwa 10,000. Kurasa themanini na kitu, nikakariri zote. Mchujo wa kuandika nikapita. Mahojiano nikaanguka, na najua kabisa ni wapi. Niliulizwa bibi amekuja ofisini kwako na mjukuu wa miaka 14 mjamzito, utafanya nini. Mi nikaanza kutaja hatua za usimamizi wa shauri kama shairi: utambuzi, tathmini, mpango wa huduma, utekelezaji, rufaa, ufuatiliaji, kufunga shauri. Nimemaliza wakaniangalia tu, mmoja akaniuliza "sasa yule bibi na mjukuu wako wapi muda huu?" Nikakosa cha kusema. Ile pdf haikuwa na bibi wala mjukuu ndani yake, ilikuwa na tafsiri za maneno tu, na vifungu vingine vya sheria vilikuwa vimenukuliwa vibaya, nimekuja kugundua baadaye nilipofungua sheria yenyewe. Hela yangu ilipotea pale na siwezi kumshauri mtu yeyote anunue zile karatasi.

Sasa hili darasa. Anaendesha mama mmoja mstaafu, alikuwa ofisa ustawi kwenye halmashauri kwa miaka mingi, wote tunamwita Mama. Ni Jumamosi nne, saa tatu asubuhi mpaka saa saba, kwenye chumba nyuma ya steshenari. Ada 40,000 unaweza kulipa mara mbili. Tulikuwa kumi na mmoja, wengi walisoma ustawi, wawili sosholojia, na kaka mmoja alikuwa ameajiriwa kituo cha kulelea watoto anataka kuhamia serikalini.

Jumamosi ya kwanza hakuna alichofundisha. Alisema kila mtu aweke mezani vyeti vyake. Mi nikaona tunapoteza muda, kumbe ile siku peke yake ilitosha kurudisha ada. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kila mara: uje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, mpaka cha chuo, hati za matokeo hazipokelewi, na uwe na kitambulisho cha kutambulika. Watu tunasoma tangazo juu juu tunakimbilia jina letu kwenye orodha. Pale mezani dada mmoja cheti cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili na cha chuo matatu, la katikati halifanani. Mwingine alikuwa na hati ya matokeo tu cheti bado kiko chuoni tangu amalize. Mama akamwambia yule wa majina, "mwanangu wewe kesho kutwa uende kwa wakili uanze hati ya kubadili jina na uhakikishe imesajiliwa, usisubiri uitwe ndo ukimbie." Akaenda kweli. Siku ya usaili nilishuhudia kwa macho yangu watu wanarudishwa kwenye uhakiki wa vyeti, mtu katoka Kigoma na nauli ya kukopa, hajaulizwa hata swali moja. Inauma mno kuona.

Jumamosi ya pili na ya tatu ndo moyo wa darasa na hapa nataka nieleweke vizuri. Mama ana meza moja ya mbao na viti vya plastiki. Upande mmoja wanakaa wanafunzi watatu wanajifanya jopo, upande wa pili unakaa wewe, na pembeni anaweka kiti kimoja kitupu. Anasema kile kiti ni cha mteja, na kila jibu utakalotoa uliangalie kile kiti kwanza. Akanipa swali lile lile lililoniangusha, la bibi na mjukuu, hakujua hata kama liliwahi kuniangusha. Nikaanza, "nitamkaribisha, nitafanya tathmini..." akanikatisha.

"Umemkaribisha amekaa wapi? Bibi yupo hapo hapo anasikiliza?"

Nikasema ndiyo yupo.

"Na huyo mtoto ataongea mbele ya bibi yake? Kama aliyempa mimba ni mtu wa nyumba ile ile je?"

Nilinyamaza kama dakika nzima. Miaka mitatu kijijini hicho kitu nilikuwa nakifanya bila hata kufikiri, namwomba mlezi anichotee maji ya kunywa au anioneshe choo, mtoto anabaki na mimi kidogo anaongea. Nilikuwa najua kazi, ila nikikaa mbele ya jopo naiacha nyumbani naongea lugha ya kitabu. Mama akasema rudia, sema ulivyokuwa unafanya kule kijijini. Nikarudia mara nne siku ile.

Jibu lilivyokuja kukaa vizuri lilikuwa hivi: naongea na mtoto peke yake sehemu ya faragha, kwa lugha anayoielewa, simuulizi maswali ya kumhukumu. Najiuliza leo usiku analala wapi na pale ni salama au la, hilo ndo swali la kwanza kabla ya karatasi yoyote. Kisha afya yake, aende kituo cha afya aanze kliniki. Na kama ukatili umetokea siku hizo hizo basi haraka zaidi, kwa sababu dawa za kujikinga na VVU zina masaa 72 tu. Afu dawati la jinsia na watoto polisi, kwa kuwa mtoto wa miaka 14 hawezi kuridhia, ile ni jinai. Na kule halmashauri kama kuna kituo cha mkono kwa mkono, yani huduma zote sehemu moja, nampeleka huko, asizungushwe kusimulia habari ile ile kwenye ofisi nne. Hapo nikadhani nimemaliza, Mama akauliza, "na shule?" Kumbe ndo sehemu karibu wote tunasahau. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyepata ujauzito arudi shule baada ya kujifungua, kwa hiyo mpango wa huduma usioitaja shule haujakamilika, mtoto ana maisha baada ya kesi ya polisi kuisha.

Mnaona tofauti? Hatua zote saba zimo humo ndani, ila hujazitaja kama unakariri, umezifanya.

Kuna kitu kingine kilinichoma. Kaka yule wa kituo cha watoto aliulizwa swali la kawaida, elezea kesi ngumu uliyowahi kuisimamia. Akaanza kusimulia vizuri kabisa, akataja jina la mtoto, jina la kijiji, ugonjwa wa mama yake. Mama akainua mkono, akamwambia kwa upole, "Baba, hapo umeshatoa siri ya mtoto mbele ya watu kumi." Chumba kizima kikawa kimya. Na ni kweli, jopo likiuliza swali lile linasikiliza pia unavyotunza siri, mtu anaweza kuwa na kesi nzuri akajiangusha kwa jina moja tu. Tangu siku ile tukawa tunasema "binti mmoja", "kaya moja", basi, na simulizi haipungui chochote.

Upande wa sheria darasa liko vizuri kiasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 tulipitia kwa kina, pamoja na wajibu wa halmashauri kwenye ulinzi wa mtoto. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 tulipita haraka, Sheria ya Ndoa ya 1971 kidogo, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 dakika kumi tu, na MTAKUWWA, yani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Namba 116 ya kutoa taarifa za watoto alitukaririsha wote. Kikubwa alichosisitiza sheria iingie kwenye jibu pale inapofanya kazi, usiianze nayo. Ukisema nimempeleka dawati kwa sababu sheria inasema hivi, inaeleweka. Ukianza na namba ya kifungu ukasahau mtoto, umepotea.

Sasa mapungufu. Makaratasi yake ni ya zamani, baadhi bado yanasema ustawi wa jamii uko Wizara ya Afya, wakati tangu Januari 2022 tuna Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Nilimwambia akashukuru akarekebisha kwa kalamu, lakini mtu anayeyapiga fotokopi bila kuuliza atajibu kitu kilichopitwa. Wazee na watu wenye ulemavu walihitaji Jumamosi yao wenyewe, kazi hii si ya watoto tu, na kwenye usaili wangu swali moja lilikuwa la mzee aliyetelekezwa hospitali, nililijibu kwa uzoefu wangu sio kwa darasa. Group la WhatsApp nalo lina shida, Mama anatuma sauti za dakika kumi na tano kumi na tano, bando linaisha na ukitaka kutafuta kitu kimoja huwezi kukipata. Ningependa aandike tu hata mistari mitano. Na chumba kina joto jamani, feni moja watu kumi na mmoja, nendeni na maji.

Matokeo. Usaili wa pili niliitwa Dodoma, nililala gesti Ng'ong'ona ili asubuhi niwe karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye usaili, maana chakula, nauli na malazi vyote unajitegemea na ukichelewa ndo basi. Mchujo nikapita. Mahojiano niliingia, kulikuwa na kiti kitupu pembeni ya meza, bahati tu, nikakiangalia nikatulia. Nilipoulizwa kesi ya mtoto wa mtaani anayekataa kurudi kwao nikaanza na swali la leo usiku analala wapi, na nikaona mmoja wa jopo anaacha kuandika anasikiliza. Nimefaulu, nafasi zilikuwa chache jina likawekwa kanzidata, yani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, na wiki tatu zilizopita nimepangiwa halmashauri. Wenzangu tuliokuwa wote darasani watatu wameitwa, wengine bado wanaomba, kwa hiyo mtu asiwaambie ukilipa 40,000 umepata kazi.

Nawashauri wale mliofanya kazi kwenye miradi mkaachwa baada ya kufungwa, nyie ndo darasa linawafaa zaidi, mnavyo vitu vingi kichwani mnahitaji mtu wa kuwasaidia kuvitoa. Aliyetoka chuo moja kwa moja hajawahi kukaa na kaya hata moja atapata shida kidogo, bora kwanza aombe kujitolea ofisi ya ustawi ya kata au halmashauri hata miezi miwili.

Mama huwa haanzi mpaka wafike watu sita, ukienda ukute bado unaacha jina steshenari pale mbele wanakupigia. Nenda na vyeti vyako halisi siku ya kwanza, vyote, usipeleke kopi.