Bolti zinazong'aa zilinidanganya: CG125 yangu na chumvi ya Malindi

Nianze na hili kabisa usome ukijua, nimelipa mara mbili kwa kazi moja. Mara ya kwanza nilifungiwa bolti za stenlesi pikipiki nzima, mara ya pili zikatolewa karibu zote. Haya ni ya hiyo mara ya pili, sasa ni miezi tisa.

Pikipiki ni Honda CG125 kuukuu, ile ya breki za dramu mbele na nyuma, imepita mikono sijui mingapi kabla ya kunifikia. Mimi nabeba samaki. Naamka usiku naenda Ngomeni au Mayungu kutegemea bahari imetoa wapi, nafunga kreti nyuma na barafu, narudi mjini kabla jua halijawa kali. Sasa barafu ikiyeyuka yale maji ya samaki hayana pengine pa kwenda, yanachuruzika juu ya swingiamu (ule mkono unaoshika tairi la nyuma), kwenye sproketi (gia ya mnyororo), kwenye nati za ekseli, yanakauka pale pale na kesho yanaongezwa mengine. Tia na upepo wa kusi unaorusha mvuke wa bahari mpaka ndani ya nyumba, tia na vumbi la kule Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, basi chuma chochote hapa kwetu kinaishi kwa shida.

Kilichonitia akili ni siku moja karibu na daraja la Sabaki. Kuna chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki ya nyuma isizunguke na tairi, sie twakiita stei. Bolti yake moja ilikuwa imeliwa na kutu katikati ikabaki nyembamba kama njiti ya kibiriti, lakini kichwa kiko, nati iko, ukiangalia kwa nje waona bolti nzima. Nikakanyaga breki, ta! Ikakatika, sahani ikazunguka, fimbo ya breki ikapinda na tairi la nyuma likajifunga. Alhamdulillahi nilikuwa mwendo wa pole kwa sababu ya lori lililokuwa mbele. Mimi nilichubuka goti tu, ila changu na tafi walilala lami yote na watoto wakapata kitoweo cha bure.

Gereji ya kwanza niliyoenda hapa mjini (siitaji) waliniambia dawa ya chumvi ni stenlesi, weka kila mahali usahau kutu. Nikaona ni maneno ya maana, nikalipa, pikipiki ikang'aa kama ya bwana harusi. Miezi minne baadaye vichwa vya bolti vikaanza madoa ya rangi ya chai, maana zilikuwa zimegongwa A2, ndio daraja la stenlesi ya kawaida, na A2 chumvi ya bahari inaitoboa polepole. Ya kuvumilia zaidi ni A4 na hiyo hawakuniuzia. Kwenye kava za injini ambazo ni alumini, pale bolti inapoingia palitoka unga mweupe kama chokaa, na nilipojaribu kufungua moja ikatoka na nyuzi za alumini zimeng'ang'ania juu yake. Halafu kubwa kuliko yote, nati ya stei ilikuwa imejisaga na bolti yake njiani kabla haijafika mwisho, stenlesi kwa stenlesi ikifungwa kavu hushikana hivyo, wao wakadhani imekaza kumbe stei inacheza. Yaani ile ile bolti iliyotaka kuniua!

Ndipo mwenzangu mmoja wa samaki akanipeleka kwa fundi mzee Maweni, sote twamwita Ami. Ami hakugusa pikipiki kwanza. Alitandika gunia chini, akamwaga bolti zake, akanipa moja akaniambia, "Soma kichwa mwanangu, usiangalie rangi." Imeandikwa 8.8. Akanieleza kwamba 8 ya kwanza ni newtoni 800 kwa milimita mraba ndipo ikatike, na ile 8 ya pili ni kwamba ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640, ndipo inaanza kuvutika isirudi. Ya stenlesi niliyofungiwa ni A2-70, inakatika 700 lakini inaanza kuvutika 450 tu. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa bolti ngumu nikatia laini mahali panapobeba uhai wangu, na pesa nikalipa juu yake.

Kazi yenyewe nilidhani ni asubuhi moja, ikawa siku mbili, na karibu yote ilimezwa na bolti moja, ile ndefu ya swingiamu. Ilikuwa imeota kutu ndani ya bushi (bomba lenye raba ambamo bolti hupita) ikawa kitu kimoja. Ami aliimiminia mafuta ya gia ya otomatiki yaliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, akaiacha usiku kucha. Asubuhi akapiga nyundo, kimya. Akapasha moto, akapiga, akaisokota na spana iliyoongezwa bomba, kichwa kikazunguka nikashangilia, kumbe ni raba ya bushi inayozunguka na bolti pamoja. Mwisho akapenyeza wembe wa msumeno wa chuma kati ya fremu na swingiamu, mtupu bila mpini, ameufunga kitambaa upande wa mkono, tukakata kwa zamu, yeye dakika kumi mimi dakika kumi, upande huu halafu ule. Ilipoanguka nikaona kati kati ilikuwa imebaki nyekundu na mashimo kama biskuti iliyoliwa na mchwa. Bushi mpya, bolti mpya ya spea yenyewe ya Honda.

Kwenye stei, sproketi na za kushikia injini alitia 8.8 zenye zinki. Nilimuuliza kwa nini asitie 12.9 ndio ngumu zaidi, akasema ngumu sana huwa kavu, ikila kutu inapasuka bila kutoa taarifa. Na akanigombeza vikali kwa ile tabia ya vijana wa steji ya kuloweka bolti kwenye asidi ya betri ziwe safi, kwamba asidi inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kinakuja kukatika baadaye ukiwa barabarani. Nimewaambia wenzangu, wawili wamenicheka.

Grisi ndio jambo lililonifurahisha. Hakutumia ya kopa kwenye alumini, alisema kopa na alumini zikikutana na maji ya chumvi zinakulana. Alitumia grisi ya blu ya maboti, ile mafundi wa injini za boti wanapaka, kwenye nyuzi, chini ya kichwa na kwenye mwili wote wa bolti. Za stenlesi aliziacha kwenye kava tu, nazo akazipaka hiyo hiyo. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, aliazima kwa jamaa wa boti, na kwa kuwa nyuzi zina grisi alipunguza, bolti ya M8 (unene milimita 8) ya 8.8 ikiwa kavu huenda kama newtoni-mita 25 yeye aliishia 20, kwa sababu grisi inafanya bolti ivutike zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono. Nati za plastiki ndani zote mpya, kotapini (pini za kuzuia nati isifunguke) mpya. Kisha akachora mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye fremu ili ikilegea nione, rangi yenyewe ni ya kucha ya mke wangu, mpaka leo anaitafuta.

Hali sasa: mistari yote iko pale pale isipokuwa mmoja wa sproketi ulisogea kidogo mwezi wa tatu, nikarudi akaikaza bure. Juzi nilifungua stei kuangalia, imefunguka kwa spana ya mkono mmoja, ndani blu tupu. Sehemu yangu ni kuosha nyuma kila nikishusha samaki, tena kwa maji ya mfereji ya Baricho, sio ya kisima, kisima chetu pale Shela ukionja ni bahari tu.

Ubaya wa Ami ni simu hashiki, risiti hana, na akisema "njoo saa nane" ujue ni alasiri baada ya swala, na yeye mwenyewe huenda yuko barazani na kahawa. Pesa yake jumla ilizidi gereji ya kwanza kidogo. Nampa nyota nne, ya tano atapewa siku atakayonishikia simu.