Pawatila ya kukodi kuvunia viazi: sijui nimchukie nani

Nimelala na hasira, nimeamka nazo, acha niziandike kabla chai haijachemka.

Msimu huu nilisema vibarua sitaki. Vijana wa jembe ukiwalipa kwa gunia wanakimbilia viazi vya juu, vya chini wanavifukia, halafu jioni unaona watoto wao wanakuja "kuokoteza". Nikakodi pawatila (katrekta kadogo ka magurudumu mawili) yenye jembe la kung'olea, huku kwetu Isyonje, Mbeya. Nilikuwa na wasiwasi nazo tangu zile za mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, 2009, maana nyingi nilizoziona mimi ziliishia kuvuta tela za matofali. Lakini ilipopita mstari wa kwanza, tuta lilipasuka kama andazi la moto, viazi vikalala juu ya udongo mweusi. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Mstari wa tatu nikainama. Kiazi kimekatwa katikati, maji yanakitoka. Cha pili, nusu. Cha tatu kimechunwa ngozi upande mzima.

Nikamwambia dereva, mwanangu, hebu shusha hilo jembe kidogo, linapita ndani ya tuta badala ya chini yake. Injini hakuzima. Akanijibu akiangalia mbele: "Mama, mashine haina kosa. Shamba lako ndilo limepinda."

Limepinda! Huku milima ya Uporoto kote kumepinda. Alitaka nikalime uwanja wa ndege wa Songwe?

Nikabaki na ndoo nyuma yake, naokota vipande. Dalali kiazi kilichokatwa hachukui, kitaoza kabla hakijafika Dar na kuviozesha vilivyo jirani. Dalali huyohuyo anayedai lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, kilo 100 za sheria hazijui, lakini kidonda cha kiazi anakiona akiwa bado barabarani.

Haya, niseme na langu. Majani nilikata siku nne tu kabla ya kuvuna, wakati ngozi inataka kama wiki mbili ikomae. Nilikuwa nafukuzia bei. Kwa hiyo kuchunika nakubali. Kukatwa, hapana, hata kwa dawa.

Nilitaka kumalizia hapa kwa kuwaambia msikodi. Sasa juzi jirani yangu kaichukua mashine ileile, dereva mwingine, na shamba lake limepinda kuliko langu. Kavuna asubuhi moja, viazi vizima. Nikanuna zaidi. Vibarua wangenimalizia siku tatu, na uji, na chumvi ya mboga wanadai. Kwa hiyo pengine kodini, ila mkimwona dereva hashuki kupima jembe, mfukuzeni palepale. Mimi? Msimu ujao sijui. Labda jembe la mkono. Labda huyo dereva wa jirani.

Yule wangu amepiga simu asubuhi hii, anataka salio lake. Nimemwambia aje tu, nusu yake ipo, imo kwenye ndoo.