Rafiki wa Ghorofa Sita: Michoro ya Kent Twitchell Mjini Los Angeles

Anayetaka kuiona kazi ya Kent Twitchell, mchoraji wa kuta aliyezaliwa Michigan mwaka 1942, hahitaji tiketi. Anahitaji viatu vizuri, gari, na moyo wa kukubali kwamba baadhi ya kuta alizosikia zikisifiwa zimekwisha kupakwa rangi nyingine.

Twitchell alianza na waigizaji. Mwaka 1971 alimchora Steve McQueen, nyota wa sinema, ubavuni mwa nyumba ya watu. Baadaye aliwageukia wachoraji wenzake na marafiki, watu ambao dereva wa kawaida asingewatambua hata wakipanda naye lifti, akawapa ukubwa ambao mji ule huwatengea nyota wa matangazo ya sinema. Hakuwaremba. Wengi wamesimama wima, nyuso zimetulia, kana kwamba wameitwa kupigwa picha ya kitambulisho, na utulivu huo ndio unaomfanya mpita njia ajiulize ni akina nani hao.

Kazi iliyonivutia zaidi kwa wazo lake ni ile iitwayo Seventh Street Altarpiece, mmoja wa michoro kumi iliyoagizwa kwa ajili ya barabara kuu za mji wakati wa Olimpiki ya 1984. Chini ya daraja la Seventh Street aliwachora wasanii wenzake Lita Albuquerque na Jim Morphesis, kila mmoja ukuta wake, wakielekeana huku wameinua viganja, na magari yanapita katikati yao. Mchoro wa mahali kama hapo hutazamwa kwa sekunde chache tu, na Twitchell alilijua hilo: kiganja kilichofunguliwa husomeka upesi kuliko uso. Hata hivyo, ni hasara kwamba ustadi wake wa mikunjo na vivuli humpotea mtu aliye kwenye mwendo.

Ed Ruscha, msanii mwingine wa Los Angeles, alipata zaidi ya hapo. Kuanzia 1978 hadi 1987 Twitchell alimchora kwenye jengo la Hill Street, urefu wa ghorofa sita, akiwa na shati jekundu na mikono imening'inia. Juni 2006 ukuta huo ulipakwa rangi bila mchoraji kupewa ile notisi ya siku 90 inayotakiwa na sheria. Akashtaki, na mwaka 2008 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.1. Ni fedha nyingi, lakini mimi ningependa zaidi kuiona kazi ya miaka tisa ikiwa bado ukutani kuliko kuijua kwa picha.

Mwaka 2017 Ruscha alirudi, safari hii kwenye ukuta wa American Hotel, katika mtaa wa Arts District. Mchoro huu ni mdogo kuliko ule wa Hill Street, na kwa upande wa kishindo hauufikii. Lakini hapa mtu anaweza kusimama kwa miguu yake akatazama kwa muda autakao, na sura aliyonayo Ruscha ni ya mzee, iliyochorwa na rafiki ambaye naye amezeeka. Mwenye saa moja tu aanze hapo. Kwenye daraja la Seventh Street aende siku nyingine, na usukani amwachie mtu mwingine.