Mwaridi wa urujuani mpauko: ununue upi, na ukague nini kabla ya kulipa

Kwa bustani nyingi za nyumbani zilizo kwenye ubaridi wa wastani, kuanzia Limuru na Nairobi hadi Arusha, Lushoto na Iringa, jibu fupi ni Blue Moon uliobebeshwa, yaani ulioungwa juu ya shina na mizizi ya mwaridi mwingine. Aina nyingine zina wateja wake: anayeishi penye joto kali, mwenye nafasi ndogo, anayetaka maua ya mezani tu, na yule anayekusanya aina adimu. Lakini aina nzuri juu ya mche mbovu ni pesa iliyotupwa, kwa hiyo kabla ya majina tukague mche.

Usinunue picha

Hakuna mwaridi wa buluu. Waridi halina kimeng'enya cha kutengeneza delfinidini, rangi asilia inayoyapa maua mengi ubuluu wake. Hata lile ambalo kampuni ya Suntory ya Japani ililibadilisha vinasaba na kuanza kuliuza mwaka 2009, ukilitazama ni la urujuani. Anayekuuzia mbegu za "waridi la buluu" mtandaoni anakuuzia picha. Isitoshe, mbegu ya mwaridi wa haibridi-ti (kundi la ua kubwa, moja juu ya kila kikonyo) haizai ua kama la mama yake. Miche hii huendelezwa kwa kubebesha au kwa vipandikizi, yaani vipande vya tawi vilivyooteshwa, basi.

Vitalu vingi vya kando ya barabara huuza miaridi kwa rangi, bila jina. Hapo nunua mche wenye angalau ua moja lililofunguka nusu, na ulinuse asubuhi kabla jua halijawa kali. Blue Moon ina harufu nzito yenye ndimu ndani yake. Ukiambiwa ni Blue Moon na hunusi kitu, huo si wenyewe.

Kisha shuka kwenye shina. Mche uliobebeshwa una kovu nene karibu na udongo. Juu ya kovu hilo yatoke matawi mawili, au afadhali matatu, yenye unene wa penseli na gamba la kijani lisilo na mabaka meusi. Geuza majani ya chini: vidoa vidogo vya manjano pamoja na utando mwembamba ni utitiri, na ukiupeleka nyumbani utaugawia bustani nzima. Tazama na tundu za kiriba, ule mfuko wa mche. Mizizi michache myeupe inayochungulia ni dalili njema. Mizizi minene ya kahawia iliyokwishatoboa na kuingia ardhini ina maana mche umekaa mno, na itakatika unapouinua.

Mche wa kipandikizi huwa bei nafuu, lakini aina nyingi za urujuani mpauko zina mizizi dhaifu zikisimama peke yake. Lipia kubebeshwa. Shina la chini la kubebeshea linaloitwa Natal Briar, ambalo mashamba ya maua ya Kenya hulitumia sana, ni chaguo zuri kwa udongo wetu.

1. Blue Moon

Ilitolewa na mzalishaji wa miaridi Tantau wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1960, na bado haijapata wa kuiondoa nafasi ya kwanza. Kichaka hufika mita 1 hadi 1.2, miiba ni michache, vikonyo ni virefu na ua huwa kubwa, moja juu ya kila kikonyo. Kasoro yake ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaopaka majani unga mweupe, pale mchana unapokuwa wa joto na usiku wa baridi, na mvua ikiendelea siku kadhaa machipukizi ya maua hugoma kufunguka. Angalia lebo vizuri: kuna Blue Moon inayotambaa, nayo itataka ukuta au nguzo. Ukiipanda katikati ya tuta ukidhani ni ya kichaka, utabaki unaikata kila wiki bila kuona ua.

2. Charles de Gaulle

Ya Meilland wa Ufaransa, 1974. Kichaka ni kifupi kuliko Blue Moon, ua limejaa petali na harufu ni kali. Inastahimili joto vizuri zaidi, kwa hiyo aliye Morogoro au Machakos aitangulize hii. Dar es Salaam na Mombasa ni habari nyingine: usiku wenye joto na unyevu hufanya maua kuwa madogo na kupauka mapema, aina yoyote utakayoipanda. Ukiwa pwani panda mmoja kwanza, mahali penye upepo na kivuli cha alasiri.

3. Paradise

Ya Weeks wa Marekani, 1978, iliyopata tuzo ya All-America Rose Selections ya 1979. Petali zake ni urujuani mpauko zenye ukingo wa rangi ya damu ya mzee, na ukingo huo hukolea kadiri jua linavyoongezeka. Hii ndiyo pekee hapa ninayoiweka kwenye jua la kutwa bila wasiwasi wa rangi. Harufu si ya kujivunia, na ubwiri unga huipenda.

4. Aina za mashamba ya maua, kama Ocean Song

Hizi zimezalishwa kwa ajili ya kukatwa, kusafirishwa na kukaa kwenye chombo. Kikonyo kimenyooka, ua linadumu, harufu ni kidogo. Zimezoea banda, dawa na maji ya matone kwa ratiba. Nje, mvua za masika huzivua majani. Kama shabaha yako ni maua ya mezani tu, nunua shada lililokatwa, hesabu itakuwa nafuu.

5. Sterling Silver

Ilitolewa na Gladys Fisher wa Marekani mwaka 1957, mmoja wa wazazi wake akiwa mwaridi uitwao Peace. Ndiyo iliyofungua njia ya rangi hii, nayo ni nzuri kweli: rangi ya fedha, karibu haina miiba. Lakini hukua kwa kusuasua na hutoa maua machache. Iache kwa mkusanyaji.

Mwenye kibaraza na vyungu atazame nje ya orodha hii: Angel Face, ya 1968, si haibridi-ti bali ni floribunda, kundi linalotoa maua kwa vishada, lakini kwa ufupi wake hukaa vizuri kwenye chungu cha lita 30.

Kuupanda

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi kwa saa sita hivi na kivuli chepesi baada ya saa nane mchana. Rangi hii ndiyo inayoumizwa zaidi na jua la alasiri. Hugeuka kijivu au pinki iliyochujuka. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi, na hapo ndipo miche mingi hufia. Pasua kiriba, usiuvute mche. Kovu la kubebesha likae sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Mche hadi mche acha sentimita 60 hadi 75.

Maji lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, asubuhi, chini ya shina. Majani yakilala yameloa, madoa meusi yanafuata. Mche ukishatoa maua ya kwanza, weka gramu 30 hadi 40 za mbolea ya NPK 17-17-17 kila baada ya wiki sita hadi nane, ukiizungushia mbali kidogo na shina, kisha mwagilia. Ukizidisha mbolea ya nitrojeni utapata majani mazuri, vidukari vingi na maua haba.

Chipukizi likitoka chini ya kovu, fukua hadi lilipoanzia uling'oe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake, na baada ya mwaka utakuwa unamwagilia mwaridi wa mwituni huku ule ulioulipia ukifa taratibu juu yake.

Ua lililozeeka likate juu ya jani lenye vijani vitano linalotazama nje. Jingine hutoka baada ya wiki sita hadi nane. Punguza kichaka kizima hadi sentimita 50 hivi mara moja au mbili kwa mwaka, mvua zikikaribia kwisha, ukibakiza matawi manne au matano yenye afya. Ukiona kingo za petali zimekauka kahawia na chipukizi halifunguki, lipasue juu ya karatasi nyeupe: vidudu vyembamba vinavyokimbia ni thripi, na huyapenda sana maua ya rangi nyepesi. Kata machipukizi yote yaliyoathirika, yafunge kwenye mfuko uyatoe bustanini. Ukiyaacha chini ya mche umewahamisha tu.

Mezani

Kata alfajiri, petali za nje zikiwa zimeanza kulegea. Chipukizi lililobana kama ngumi halitafunguka ndani ya nyumba. Tumbukiza kwenye ndoo ya maji papo hapo, kisha kata tena sentimita 2 kwa mshazari ndani ya maji, na ondoa majani yote yatakayozama. Kwenye lita moja ya maji weka kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha jiki na viwili vya maji ya ndimu. Kila kimoja kiingie kwenye maji peke yake, usichanganye jiki na ndimu bila maji. Badilisha baada ya siku mbili.

Kuhusu mpangilio, urujuani mpauko hukaa vizuri na nyeupe ya maziwa, manjano hafifu na majani ya kijivu, nyekundu huumeza. Taa ya manjano ya sebuleni huufanya uonekane majivu, hivyo weka chombo karibu na dirisha au chini ya balbu nyeupe. Ua likiinamisha shingo siku ya kwanza, hewa imeziba kikonyo: kata tena ndani ya maji na ulilaze zima kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa saa moja.