Kompyuta Ndogo ya Darubini: Uliza Volti Kwanza, Spidi Baadaye

Habari zenu wadau wa anga, karibuni tena. Leo nimeweka mezani vitu vinne: kompyuta ndogo yenye chipu ya Intel N100, Raspberry Pi 5 (kompyuta ya bodi moja tu), kompyuta ya ofisini iliyotumika, na betri. Wengi mnaniuliza ipi nzuri kwa kwenda nayo porini na darubini. Nitajibu, ila nitaanza na betri, maana ndiyo inayochagua kompyuta.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na kompyuta wakati laptop ipo? Kwa sisi wa huku sababu ni kubwa kuliko ya wenzetu wa Ulaya. Wao wanaiona Polaris, nyota ya kaskazini, wanalenga stendi ya darubini kwayo ili iweze kufuata nyota zinavyozunguka, kazi imekwisha. Arusha iko kama digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Polaris ipo chini ya upeo wa macho. Na ncha ya kusini ya anga imeinuka hizo hizo digrii tatu na nusu tu, ndani ya vumbi na ukungu, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata kwenye giza zuri unaitafuta kwa shida. Ukiwa Dar ni digrii karibu saba, nafuu ni ndogo. Nairobi ndiyo usiseme.

Programu ndizo zinatuokoa. NINA, programu ya kuendesha kamera na darubini, ina nyongeza inayopiga picha tatu sehemu tatu za anga, inazitambua nyota, kisha inakuambia zungusha skrubu hii kushoto, ile juu kidogo. Ekos, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo inafanya vivyo hivyo bila kudai uione ncha. Kwa hiyo kompyuta si urembo. Na ikiwa ndogo, unaifunga juu ya darubini yenyewe, nyaya za USB zinakuwa fupi, wewe unakaa pembeni na simu au tableti unaitazama kwa waifai.

Sasa umeme. Chukueni kalamu.

Karibu na ikweta giza kamili linaanza kama saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tuseme saa tisa. Kompyuta ya N100 ikifanya kazi hii inakula kama wati 10. Stendi yenye mota, mfano HEQ5, ikifuata nyota iweke wati 12. Kamera ya kupozwa inaweza kuvuta hadi wati 36 inapoanza kushuka joto, ila ikishatulia piga wastani wa 20. Hita za umande, zile za kuzuia lenzi isilowe, kwa watu wa pwani hizi si za kuacha, wati 10. Jumla 52. Mara saa tisa, ni wati-saa 468.

Hii hapa betri ya lithiamu aina ya LiFePO4, volti 12.8, ampea-saa 50. Zidisha: wati-saa 640. Inakufikisha asubuhi na akiba inabaki. Ukitaka kufanya kazi hiyo kwa betri ya sola ya maji au ya jeli, ambayo si vizuri kuishusha chini ya nusu, unahitaji ya ampea-saa 100, na mtu wa pili wa kukusaidia kuibeba. Betri ya gari lako iacheni jamani. Ile imetengenezwa kupiga stata, toa moto mwingi mara moja kisha ijazwe. Ukiikausha usiku kucha inakufa mapema, na asubuhi uko porini na gari haliwaki.

Mtu ataniambia, mimi nina inveta, nachomeka chaja ya kawaida. Inawezekana. Lakini angalia safari ya huo umeme: volti 12 inapandishwa hadi 230, halafu chaja inaishusha tena iwe 12. Kila hatua inapoteza, na inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu inakula chake. Kwa usiku mzima unaweza kupoteza kiasi cha kuendesha kompyuta peke yake hadi asubuhi. Na zile feni zake zinapiga kelele, sisi tumekwenda porini kwa ukimya.

Ndiyo maana ninachoangalia kwanza kwenye kompyuta ni karatasi iliyobandikwa chini. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? 12V, 3A. Na huu mchoro mdogo wa duara: alama ya kujumlisha imeungwa na kitone cha katikati, maana yake pini ya ndani ni chanya. Hii ni kompyuta ya N100, chipu ya 2023, kori nne, imepangiwa wati 6. Haina makuu. Inaendesha NINA, PHD2 ya kuongoza stendi isiteleze kwenye nyota, na ASTAP ya kutambua nyota bila intaneti, zote kwa pamoja, bila kulalamika. RAM ya GB 8 inatosha, 16 ni raha. Diski usibane: kamera ya megapikseli 26 inatoa faili la kama MB 52 kwa kila picha, picha mia tayari ni GB tano.

Ila 12 ya karatasi si 12 ya betri. LiFePO4 iliyojaa inasoma zaidi ya 13, na ikiwa kwenye chaja inafika 14.6. Bodi nyingine zinavumilia, nyingine zinajizima. Aliyeitengeneza amekuahidi 12, hakukuahidi 14. Kwa hiyo hapa katikati naweka konveta ndogo inayopandisha na kushusha, ikitoa 12 wakati wote. Betri ikichoka au ikiwa imejaa, kompyuta haijui.

Hii ya ofisini sasa, maana najua wengi mtaiona Kariakoo kwa bei nzuri. Dell, HP, Lenovo, hizi ndogo za kufunga nyuma ya skrini. Ni imara, spidi ipo. Tatizo: HP na Dell zinataka volti 19.5, Lenovo 20. Lazima upandishe umeme, na Dell nyingi zina kipini cha katikati kinachoitambua chaja, usipompa anachokitaka anakuletea onyo na kupunguza spidi. Kama utatumia nyumbani uani kwenye umeme wa ukutani, nunua, ni mali. Kwa porini mimi napita.

Raspberry Pi 5 naipenda, nisiseme uongo. Ndogo, Ekos inakaa vizuri juu ya Linux. Lakini inataka volti 5 kwa ampea 5, na volti 5 haina subira na waya. Ikishuka karibu na 4.6 unaona alama ya radi kwenye skrini, na vitu vinaanza kukatika. Halafu isipotambua kwamba chaja ni ya ampea 5, milango ya USB yote kwa pamoja inapewa miliampea 600 tu. Kamera mbili na mota ya fokasi, umekwisha. Dawa ipo: konveta ya kushusha iwe karibu kabisa na Pi, si kule kwenye betri, na habu ya USB yenye umeme wake. Ukishanunua hivyo vyote, faida ya bei imeyeyuka. Na kumbuka NINA ni ya Windows tu.

Na ASIAIR, kile kiboksi cha kuendesha darubini cha kampuni ya ZWO? Rahisi kuliko zote, inatumia volti 12, ila kwa kamera za anga inazijua za ZWO peke yake. Kama ndizo ulizonazo, usisumbuke na video hii.

Kuhusu nyaya, hapa ndipo watu wanabana shilingi. Waya wa milimita za mraba 0.75, urefu mita tatu, ukipitisha ampea tano unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Betri inasoma 12.8, stendi inapata 12.1, ikikimbilia Kilimia inayumba. Chukua waya wa milimita za mraba mbili na nusu, hasara inashuka hadi kama 0.2. Weka fyuzi karibu na betri, kwenye ile chanya. Lithiamu ikipiga shoti haikupi nafasi ya kufikiri.

Mipangilio haraka haraka. Kwenye BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuwaka, washa ile ya kujiwasha umeme ukirudi, kwa sababu kitufe kitakuwa kimefichika juu ya darubini. Tumia Windows Pro, maana Home haikuruhusu kuingia kwa mbali kwa njia yake ya kawaida. Sitisha masasisho kabla ya kutoka nyumbani. Waifai tumia ya gigahezi 5: USB 3 inatoa kelele inayoharibu ile ya 2.4, na kompyuta yako imejaa nyaya za USB 3. Chomeka pia kiplagi bandia cha HDMI, kompyuta idhani ina skrini, vinginevyo skrini kwenye simu inaweza kuja ndogo ajabu.

Kwa hiyo mimi pesa yangu naiweka kwenye N100 ya volti 12, konveta, na betri ya ampea-saa 50. Kabla hujaipeleka popote, iwashe nyumbani kwa betri jioni moja, kila kitu kikizunguka, kamera ikipozwa, na mita ya volti mkononi. Ukishapata usomaji wako uandike kwenye maoni, na taja kamera yako, tulinganishe. Video ijayo nafungua boksi la hita za umande.