Uzoefu wangu wa mkopo mdogo wa nyumba: boma lililongoja bati miaka minne

Boma langu la vyumba vitatu huko Mbande, pembezoni mwa Dar es Salaam, lilikaa wazi tangu mwaka 2019 hadi mwishoni mwa 2023. Lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ilikuwa imekwisha kumwagwa, lakini kila nilipokusanya fedha za mbao, ada za shule zilizidai kwanza, na masika yalipopita yaliacha ukungu wa kijani kwenye kozi za juu za matofali. Mpapai ulijiotea katikati ya chumba nilichokikusudia kiwe sebule, ukakua hadi ukazaa. Ninaandika kwa ajili ya mwenye boma kama hilo anayejiuliza kama mkopo mdogo wa nyumba unafaa.

Kabla ya kuufikia niligonga milango mingine. Wengi tumesikia habari za kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), iliyoanzishwa mwaka 2010, tukadhani ni dirisha la kwenda kuomba. Kumbe yenyewe huzikopesha benki ili nazo ziweze kutoa mikopo ya nyumba ya miaka mingi, na benki niliyoiendea ilitaka hati miliki pamoja na kipato kinachothibitika kwa karatasi. Mimi ninauza nafaka Mbagala, na kiwanja changu kina leseni ya makazi tu, yaani kibali cha muda cha kumiliki kiwanja, si hati miliki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini fedha hizo ni za shughuli za uzalishaji za vikundi, si za kuezekea nyumba ya mtu. Tena mwaka ule wa 2023 zilikuwa zimesitishwa, zikarejeshwa 2024. Kikundi chetu cha hisa kilikuwa tayari kunipa mara tatu ya akiba yangu, yaani shilingi 1,200,000, ambazo zingeishia kwenye mbao.

Ndipo nilipoelekezwa kwenye taasisi moja ya fedha yenye mkopo wa ujenzi kwa awamu: msingi, kuta, kuezeka au kumalizia, na kila awamu na mkopo wake. Hapo ndipo ninapoisifu huduma hii bila kusita, kwa sababu imeutazama ujenzi wetu ulivyo. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyejenga nyumba kwa mkupuo mmoja, na sioni kwa nini atwishwe deni la miaka 15 wakati kilichomkwamisha ni bati.

Nyaraka zilichukua wiki tano. Nilitakiwa kupeleka leseni ya makazi, barua ya serikali ya mtaa, picha za boma, makadirio ya fundi na daftari la mauzo la miezi sita. Leseni yangu ilikuwa imebakiza muda mfupi, ikanibidi niihuishe kwanza, jambo ambalo ningelifanya mapema kama ningejua. Afisa mikopo alifika Mbande mwenyewe, akapima kuta kwa futi, akautazama mpapai na kuniuliza, “Mama, huu nao ni sehemu ya dhamana?”

Gharama ndiyo inayohitaji macho makali. Nilikopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na masikioni mwangu asilimia 2 ilikuwa ndogo. Sikuuliza riba hiyo inapigwa juu ya nini. Ilikuwa ikipigwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata baada ya kulipa nusu yake, hivyo rejesho likawa 370,000 kila mwezi na riba yote 2,880,000. Kwa asilimia hiyo hiyo, kama ingehesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa takriban 317,000 na riba yote kama 1,613,000. Tofauti ya zaidi ya milioni moja na laki mbili ilijificha ndani ya swali ambalo sikuliuliza. Zaidi ya hapo, ada ya maombi na bima ya mkopo, jumla 180,000, zilikatwa kabla sijashika chochote, ingawa riba iliendelea kuhesabiwa juu ya milioni sita kamili.

Fedha hazikupitia mkononi mwangu. Zililipwa moja kwa moja kwenye duka la vifaa lililochaguliwa na taasisi. Ninaelewa sababu, maana fedha taslimu hazikai nyumbani. Lakini shehena ilipofika, fundi wangu alichomoa bati moja, akaikunja kona kwa vidole viwili na kuniambia kwa upole, “Mama, hii ni geji 30.” Ankara ilisomeka geji 28, ambayo ni bati nene zaidi. Siku tisa zilipita kwa simu na nauli kabla ya kubadilishiwa, huku mafundi wakidai posho ya kukaa.

Kuna jambo moja ambalo mkopo wa namna hii hauligusi kabisa. Unaezeka nyumba yako, lakini mtaro wa maji ya mvua unaopita kati yako na jirani hauna anayeukopea. Si mbali nasi, huko Chamazi, kaya zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga kupitia shirikisho la wakazi maskini wa mijini, zikanunua ekari 30 kwa pamoja na kujenga kwa kukopa kwenye mfuko wao wa Jenga. Nilikwenda kuangalia. Kilichonivutia kuliko nyumba zenyewe ni kwamba viwanja na njia vilipangwa kabla ya tofali la kwanza, wakati sisi tulinunua mmoja mmoja, kila mtu akaelekeza maji kwa mwenziwe.

Leseni yangu nilirudishiwa wiki tatu baada ya rejesho la mwisho, ikiwa na matundu mawili ya faili. Dari bado sijapiga. Taasisi imenipigia simu kuwa ninastahili mkopo wa kumalizia, nami nimeomba kwanza jedwali la marejesho linaloonyesha riba ya kila mwezi inahesabiwa juu ya kiasi gani. Hadi leo sijaletewa.