Vidonge vya "kukinga mbegu za kiume na mionzi": nimevitumia, haya ndo maoni yangu

Wakuu, kuna hivi vidonge vinauzwa sana mitandaoni, kopo lina picha ya simu imepigwa mstari mwekundu, eti vinalinda mbegu za kiume dhidi ya mionzi ya simu, waifai na oveni ya maikrowevu. Kampuni siitaji maana ziko nyingi na maelezo yao yanafanana. Nimemaliza dozi, nimepima manii kabla na baada, kwahiyo namwandikia mwanaume anayetafuta mtoto na hajui atoe hela yake au aache. Nawapa nyota mbili kati ya tano.

Vilivyomo sio takataka: vitamini C na E, seleniamu, zinki, L-karnitini, laikopini ile inayofanya nyanya iwe nyekundu. Na hoja yao ina msingi. Utando wa mbegu ya kiume umejaa mafuta yanayooksidika upesi, halafu ndani yake hamna akiba kubwa ya kujikinga, kwahiyo radikali huru (molekuli kali zinazoshambulia seli, ndo hizo vitamini hizi zinatakiwa kuzizima) zikizidi utando unaharibika, mkia unaishiwa nguvu na DNA inakatika. Mawimbi ya maikrowevu hayawezi kuvunja DNA moja kwa moja kama eksirei, ila mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, waliweka sampuli za manii sm 2.5 kutoka kwenye simu inayoongea kwa saa moja, wakakuta radikali zimepanda na mbegu zinazokimbia zimepungua. Panya nao wakipigwa mawimbi ya 2.45 GHz, yale yale ya oveni, wanaharibika mbegu, na wakipewa melatonini (homoni ya usingizi) au vitamini madhara yanapungua. Mpaka hapo lebo iko sawa.

Shida ni pale wanapotoka kwa panya wanakuja moja kwa moja kwako. Manii yaliyo kwenye kichupa cha maabara hayana nyama wala ngozi ya kuyakinga, na hayana damu inayopita kuondoa joto. Kwa wanaume wenyewe mambo hayajakaa hivyo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva uliotoka 2023, vijana 2,886 waliopimwa kati ya 2005 na 2018, ulikuta wanaoshika simu zaidi ya mara 20 kwa siku wana mbegu chache kuliko wanaoitumia mara moja kwa wiki au pungufu, lakini kasi na umbo la mbegu havikutofautiana, na kuweka simu mfukoni hakukuonyesha uhusiano wowote! Tena ule uhusiano ulizidi kufifia kadiri mitandao mipya ya simu ilivyoingia, ambayo simu zake hurusha nguvu ndogo kuliko zile za zamani.

Na antioksidanti zenyewe, yaani hivi viambato vya kuzima radikali? Kuna jaribio la Marekani linaitwa MOXI, lilitoka 2020, wanandoa 174, mchanganyiko karibu sawasawa na huu wa kopo langu, wengine wakapewa kidonge kitupu. Manii hayakuboreka na watoto hawakuongezeka. Mwaka huohuo jaribio lingine la zinki na asidi ya foliki kwa wanandoa 2,370 nalo halikuongeza watoto, ila waliotumia walilalamika tumbo zaidi. Majaribio haya lebo haiyataji kabisa na hilo ndo linaloniudhi, mtu anayehangaika kupata mtoto anastahili kuambiwa habari yote.

Kipimo changu cha pili nilisubiri mzunguko mzima upite, maana mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Idadi ilipanda kidogo. Siwapi sifa kwa hilo, manii ya mtu yuleyule hupanda na kushuka toka sampuli moja hadi nyingine hata bila kumeza chochote.

Angalia pia kiasi. Kopo langu lina vitamini E uniti 400 kwa siku, na jaribio kubwa la SELECT lilikuta wanaume waliotumia kiasi hicho kwa miaka walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Na mbegu inahitaji radikali kidogo ili iweze kupenya yai, kwahiyo kuzifuta zote sio lengo.

Stika ya kubandika kwenye simu wanayotoa kama zawadi tupa. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, imeshaonya kwamba vikinga vya aina hiyo vinaweza kuifanya simu iongeze nguvu ya kutafuta mtandao. Umbali unasaidia zaidi, na ni bure, simu iweke mezani ukiwa umekaa. Laptopu usiiweke mapajani, pale joto ni tatizo hata ukizima waifai, korodani zinataka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Oveni nzima isiyo na mlango uliopinda usiiogope, ukiizima mawimbi yanakata hapohapo.

Kama daktari amekupima akakuta DNA ya mbegu imekatika sana, dozi panga naye. Na kama mwaka umepita mnatafuta mtoto bila mafanikio, nendeni mpimwe wote wawili, na wewe mwambie daktari akukague varikoseli, ile mishipa ya korodani iliyovimba, maana inakutwa kwa wanaume wengi sana wenye shida hii, inatibika, na hakuna kidonge kwenye hili kopo kinachoigusa.